Uzi maalumu: Kuzunguka Svalbard kwa meli ndogo, kuona dubu weupe, walarasi na barafu

MtoPangani

Wakuu, salaam. Humu jukwaani tukianza kuzungumzia utalii wa wanyama huwa tunaishia Serengeti, Maasai Mara na Kruger, na wachache hutaja masokwe wa Bwindi. Leo naomba twende juu kabisa ya ramani, kati ya nyuzi 76 na 81 kaskazini, kwenye visiwa vya Svalbard. Niliwahi kuendesha watalii Arusha kabla ya kuhamia Norway. Sasa naishi Tromsø, na safari hii nimeidunduliza kwa miaka hadi nikaifanya. Nitaandika kwa vipande, anayetaka kuuliza aulize.

Msimamo wangu nausema mapema: ukienda, panda meli ndogo, na ukubali kumwona dubu kwa mbali. Hayo mawili yanakwenda pamoja, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza mahali penyewe. Svalbard iko katikati ya Norway bara na Ncha ya Kaskazini. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 61,000 hivi, na zaidi ya nusu imefunikwa na barafu ya kudumu. Kisiwa kikubwa kinaitwa Spitsbergen. Mashariki yake kuna Nordaustlandet, Barentsøya, Edgeøya, na vingine vidogo vingi. Mholanzi Willem Barentsz alivifikia mwaka 1596 akitafuta njia ya bahari ya kwenda Asia, na hakukuta wenyeji. Mkataba wa mwaka 1920 ukaipa Norway mamlaka.

Safari nyingi huanzia Longyearbyen, mji wa watu 2,500 hivi, uliozaliwa kwa makaa ya mawe mwaka 1906 kupitia kampuni ya Mmarekani John Munro Longyear. Mgodi wa mwisho wa Norway pale ulifungwa mwaka 2025. Siku hizi mji unaishi kwa utalii, utafiti na chuo. Kuanzia karibu Aprili 20 hadi Agosti 22 jua halizami kabisa, kwa hiyo mkisikia tangazo saa nane usiku kwamba kuna nyangumi upande wa kushoto, mnatoka nje na mnamwona vizuri kama mchana.

MtoPangani

Sasa meli. Kuna meli za abiria 3,000 na zaidi zinazopita kaskazini, mtu anaona milima kupitia kioo cha mgahawa kisha anarudi nyumbani. Hizo siziongelei. Nazungumzia meli za abiria 12, 50, 100, zisizofika 200.

Namba 200 ina maana yake. Tangu Januari 1, 2025, meli inayoingia kwenye hifadhi za Svalbard hairuhusiwi kubeba abiria zaidi ya hao, na hifadhi hizo ni kama theluthi mbili ya nchi kavu yote. Ndani ya hifadhi, kushusha watalii pwani kunaruhusiwa katika sehemu 43 tu. Droni marufuku humo. Kuvunja barafu iliyoshikana na pwani ni marufuku pia, kwa sababu sili huzalia juu yake na dubu huwinda hapo. Na tangu mwaka 2022 mafuta mazito ya meli, yale machafu meusi, yamepigwa marufuku kwenye maji yote ya Svalbard.

Lakini hata kama sheria isingekuwepo, meli ndogo ndiyo inayokupa safari yenyewe. Ratiba iliyo kwenye karatasi ni matumaini tu. Kila jioni kiongozi wa msafara anasimama mbele yenu na ramani ya barafu inayotolewa na taasisi ya hali ya hewa ya Norway, anaonyesha pepo, anaonyesha wapi barafu imesogea, kisha anasema kesho tunajaribu hori fulani, ikishindikana tunakwenda kule. Mara nyingi inashindikana. Kwetu tulipangiwa kuingia mlango-bahari wa Hinlopen, kati ya Spitsbergen na Nordaustlandet, kutoka kaskazini, barafu ikafunga mlango wake, nahodha akageuza, tukaingia hori la Liefdefjorden kwenye barafuto (mto wa barafu) ya Monacobreen. Hakuna aliyenung'unika. Meli ya watu elfu mbili haiwezi kufanya hivyo.

Kushuka pwani nako kuna taratibu zake. Kabla ya kuondoka melini kila mtu anasafisha viatu na kukagua mifuko na vifungo vya nguo, mbegu ngeni zisije zikaota kisiwani. Waongozaji wanatangulia kwa boti ya mpira, wanapanda kilima, wanapiga darubini pande zote. Wakiridhika kwamba hakuna dubu, ndipo abiria wanaitwa. Wao wamebeba bunduki na bastola za fataki za kufukuzia dubu. Mnatembea kwa kundi, mmoja mbele mmoja nyuma, na hakuna anayejitenga hata kwa haja ndogo.

BintiMvita

Asante kaka kwa uzi. Mimi niko Mombasa, ndege ndio ugonjwa wangu. Hebu tuache dubu kwanza. Huko kuna ndege gani? Na hao walarasi ndio nini hasa?

MtoPangani

Dada, umeuliza kitu ninachokipenda kuliko chote.

Kwenye mlango-bahari wa Hinlopen kuna genge linaitwa Alkefjellet. Ni nguzo za mawe meusi zinazopanda zaidi ya mita 100 kutoka majini, na juu yake wanaatamia ndege wanaoitwa kwa Kiingereza Brünnich's guillemot, kama jozi 60,000. Ni ndege mweusi mgongoni na mweupe kifuani, anasimama wima. Hajengi kiota. Anataga yai moja juu ya jiwe tupu, na yai lenyewe limechongoka upande mmoja. Boti ya mpira inasogea taratibu chini ya genge, injini ikiwa chini kabisa, na unachosikia ni mngurumo mmoja usiokatika wa maelfu ya sauti. Hewa yenyewe ina harufu ya kinyesi cha ndege wanaokula samaki. Kuna kitu kinadondoka majini kila dakika.

Kinda akifikisha wiki tatu hivi, mbawa hazijatosha kuruka, anajirusha kutoka juu. Baba yake anashuka naye, na ndiye atakayekwenda naye baharini wakiogelea kwa wiki kadhaa, akimlisha mpaka aweze kujitegemea. Wanaoanguka nchi kavu badala ya majini wanakutana na mbweha wa aktiki, yaani wa kaskazini kabisa ya dunia, anayewasubiri chini ya genge, naye ana watoto wa kulisha. Nilikaa kwenye ile boti nikitazama kinda mmoja akisita kwenye ukingo, baba anaita kutoka majini, kinda anarudi nyuma, anasogea tena. Aliruka. Alifika majini. Boti nzima tulipiga makofi ya kimyakimya na glovu zetu.

Buabua wa aktiki yupo pia, yule anayehama kutoka kaskazini ya mbali hadi kusini ya mbali ya dunia na kurudi kila mwaka. Ukikaribia kiota chake anakudonoa kichwani bila woga wowote.

Walarasi ni mnyama wa bahari wa jamii moja na sili, ila ni mkubwa mno. Dume hufika kilo 1,500 na ana meno mawili marefu yanayoshuka kutoka taya la juu, na sharubu nene za kupapasia tope la chini ya bahari akitafuta chaza. Wanalala pwani wamerundikana makumi kwa makumi. Mmoja akijigeuza anamchoma jirani, jirani anaamka anagomba, fujo inasambaa hadi mwisho wa rundo, kisha wote wanalala tena.

Historia yao inatakiwa ijulikane. Waliwindwa Svalbard kwa takribani miaka 350 kwa ajili ya pembe, ngozi na mafuta. Walipolindwa kisheria mwaka 1952 walikuwa karibu kuisha kabisa. Hesabu ya kutoka angani ya mwaka 2018 ilikadiria zaidi ya 5,500. Hakuna aliyewazalisha wala kuwahamishia kutoka kwingine kwa malori. Watu waliacha kuwaua, wakasubiri.

Kimwaga_TZ

Mkuu MtoPangani, nyangumi je? Nimesikia huko ndiko Wazungu walikowamaliza.

MtoPangani

Ni kweli mkuu. Karne ya 17 Waholanzi walikuwa na kituo kinaitwa Smeerenburg, kwenye kisiwa cha Amsterdamøya, cha kuchemshia mafuta ya nyangumi. Mabaki ya majiko yale bado yapo kwenye mchanga, mafuta yaliyoganda yakachanganyika na changarawe yakawa magumu kama saruji. Huruhusiwi kuyagusa, maana kila alama ya binadamu ya kabla ya mwaka 1946 inalindwa na sheria, hata msumari. Waliyemlenga ni nyangumi mkubwa wa kichwa kipana, anayeogelea polepole na akifa anaelea. Huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 200. Walimmaliza karibu kabisa katika maji haya, na mpaka leo kumwona ni bahati kubwa. Nyangumi weupe wanaonekana kwa makundi mbele ya barafuto, na wakati wa kiangazi nyangumi bluu hufika upande wa magharibi kula.

Mzee wa Karatu

Kijana, nimesoma yote. Mimi nimeendesha wageni miaka mingi Ngorongoro na Serengeti. Sasa nina neno. Nimesikia huko kwenu dubu hamruhusiwi kumsogelea chini ya mita mia tano. Mgeni analipa fedha nyingi namna ile, anavuka dunia nzima, halafu anaonyeshwa kidoti cheupe kwenye theluji nyeupe. Huo ni utalii gani? Wageni wangu wakimwona simba kwa mita mia tano wananiuliza kama gari limeharibika.

MtoPangani

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umelileta, maana hili ndilo lililonifanya niandike uzi.

Sheria iko hivi: kuanzia Machi 1 hadi Juni 30 ni mita 500 kutoka kwa dubu, miezi mingine ni mita 300. Ilianza Januari 2025. Kabla ya hapo sheria ilikataza tu kumsumbua, kumvuta au kumfuata, na umbali ukabaki kwenye busara ya kila meli.

Kwa nini miezi ile ni 500? Jike huzaa ndani ya pango la theluji katikati ya majira ya baridi, na hutoka na watoto kati ya Machi na Aprili. Anakuwa amekaa miezi bila kula, huku ananyonyesha. Akitoka lazima apate sili haraka, na sili nao wanazaa juu ya barafu majira yaleyale. Miezi ile ndiyo inayoamua kama watoto wataishi. Kila mara anapoacha kuvizia tundu la sili ili aondoke mbele ya boti au pikipiki ya theluji, anachoma mafuta aliyokuwa anayahitaji kwa maziwa.

Na barafu yenyewe inapungua. Eneo la aktiki limepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu mwaka 1979, na sehemu hii ya Bahari ya Barents iko mbele ya nyingine nyingi. Julai 2020 Longyearbyen ilifika nyuzijoto 21.7, rekodi ya pale. Kisiwa cha Hopen, kusini mashariki, kilikuwa na mapango mengi ya majike. Miaka barafu inapochelewa kufika, majike hawawezi kufika kuchimba. Dubu wa Svalbard sasa wanaonekana wakila mayai ya bata na mabukini, wengine wanawinda hata rendia, wale kulungu wafupi wa Svalbard. Mnyama aliyebanwa kiasi hicho, kumwongezea boti ishirini na kamera ni dhuluma.

Mzee, wewe unajua Kogatende, kule kaskazini mwa Serengeti, wakati nyumbu wanavuka Mto Mara. Unajua magari yanavyojipanga ukingoni mpaka nyumbu wanakosa pa kupandia, wanarudi majini kwa mamba. Unajua duma anayeacha kuwinda mchana kwa sababu amezungukwa. Nimekaa kwenye usukani wa yale magari, redio ikiita, mgeni akisema sogea kidogo. Ninapoona nchi inaandika mita kwenye sheria, na nahodha anazifuata hata mahali ambapo hakuna askari wa kumwona, moyo wangu unafurahi.

Na kumwona kwa mbali ni kumwona kweli. Tulimkuta jike na watoto wawili juu ya barafu ya bahari. Meli ilizimwa injini kuu. Tulikaa juu ya sitaha, kila mtu na darubini yake, baridi inauma vidole. Kwa sababu hakuna aliyemsogelea, alifanya mambo yake: alilala, watoto wakampanda mgongoni, akaamka, akanusa hewa, akaenda kwenye ufa wa barafu akalala kifudifudi akisubiri sili. Alisubiri muda mrefu na hakupata. Ukimsogelea kwa mita 50 utapata picha ya dubu anayekutazama wewe. Hayo mengine hutayaona.

Mzee wa Karatu

Marahaba kijana. Suala la Kogatende umenishika pabaya, siwezi kubisha. Lakini wewe una darubini na una subira kwa sababu umezoea pori. Mgeni wa kawaida je?

MtoPangani

Hapo ndipo kazi ya mwongozaji, mzee. Wageni wengi kwenye meli yetu hawakuwa na uzoefu wowote. Waongozaji waliweka darubini kubwa za miguu mitatu kwenye sitaha, wakawa wanaeleza kila anachofanya dubu na kwa nini. Kufikia mwisho hata waliokuwa wanalalamika walikuwa wanavutana zamu ya kuchungulia. Nadhani hata sisi Tanzania wageni wangekubali umbali kama waongozaji tungelipwa kwa maelezo, tusiwe tunasubiri bakshishi ya picha ya karibu.

Na kuna upande wa usalama. Julai 2018, kwenye visiwa vya Sjuøyane kaskazini kabisa, walinzi wa meli ya watalii walitangulia pwani, dubu akamvamia mmoja wao na kumjeruhi kichwani, wenzake wakampiga dubu risasi akafa. Abiria hawakuwa hata wameshuka. Dubu analindwa Svalbard tangu mwaka 1973. Kila safari inayomwua mmoja kwa kujilinda imeshindwa, hata kama watu wote wamerudi salama.

Nyota_ya_Kivu

Ndugu, mimi niko Norway pia, nimetoka Bukavu. Swali langu ni la visa. Mdogo wangu ana pasipoti ya Kongo, anataka kuja tuende pamoja. Svalbard wanasema haidai visa, ni kweli?

MtoPangani

Ni kweli ndugu yangu, Svalbard yenyewe haidai visa kwa mtu wa taifa lolote. Shida ni njia. Ndege na meli nyingi zinapitia Norway bara, na hiyo iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Svalbard iko nje ya Schengen. Kwa hiyo mdogo wako akipanda ndege kwenda Longyearbyen anahesabiwa ametoka, akirudi anaingia tena. Lazima visa yake iruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Mwambie aliandike hilo wazi kwenye maombi na aambatanishe tiketi ya meli, maana visa ya kuingia mara moja itamwacha amekwama kule.

Kimwaga_TZ

Na kazi je mkuu? Kama haidai visa si tunahamia tu?

MtoPangani

Wapo wageni wengi wanaofanya kazi pale, Wathai na Wafilipino ni miongoni mwa jamii kubwa. Lakini fahamu haya: hakuna msaada wa serikali kwa asiye na kipato, na gavana ana mamlaka ya kumwondoa asiyeweza kujitunza. Nyumba ni chache na nyingi zinatolewa na mwajiri. Bila kazi na nyumba mkononi, usiende.

BintiMvita

Kaka, ile ghala ya kuhifadhi akiba ya mbegu za mazao za dunia mliiona? Maana pale kuna jina la kwetu.

MtoPangani

Tuliiona mlango tu, dada, ndani hawaingizi watalii. Iko mlimani karibu na uwanja wa ndege. Ilifunguliwa Februari 26, 2008, na marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwepo, yeye na Waziri Mkuu wa Norway wa wakati ule, Jens Stoltenberg, ndio walioingiza sanduku la kwanza, lilikuwa na mbegu za mpunga. Mwaka 2015 mbegu zilitolewa kwa mara ya kwanza, kwa sababu kituo cha utafiti wa kilimo kilichokuwa Aleppo kilishindwa kufanya kazi kwa vita vya Syria. Wakazipanda upya Lebanon na Morocco, baadaye wakarudisha nyingine Svalbard. Nilisimama pale nikiwa na fahari, nakiri.

BintiMvita

Mungu amrehemu mama Wangari. Sasa nipe mambo ya kujiandaa. Mwezi gani, gharama, na nguo.

MtoPangani

Gharama ni kubwa, sitakuficha. Nafasi kwenye meli ndogo kwa wiki moja au zaidi kidogo kwa kawaida ni kuanzia maelfu kadhaa ya dola kwenda juu, bila nauli ya ndege. Vyumba vya watu watatu au wanne ndio nafuu, na nafasi zinazobaki dakika za mwisho hushuka bei, ila kwa mtu wa kuomba visa hizo hazisaidii.

Mwezi unategemea unachotaka. Mwisho wa Mei na Juni theluji bado ipo hadi pwani na barafu ya bahari iko karibu, lakini huwezi kufika kila mahali na umbali wa dubu ni mita 500. Julai hadi katikati ya Agosti barafu inarudi kaskazini, mara nyingi meli inaweza kuzunguka Spitsbergen yote, walarasi ni wengi. Wewe wa ndege, nenda Julai. Makinda wanaruka mwishoni mwa mwezi huo hadi mwanzoni mwa Agosti, baada ya hapo Alkefjellet inabaki tupu.

Joto la kiangazi ni nyuzi 3 hadi 8, linaloumiza ni upepo kwenye boti. Vaa matabaka ya sufu, juu yake koti na suruali visivyopitisha maji, glovu jozi mbili. Buti za mpira kampuni nyingi hutoa. Dawa ya kichefuchefu cha bahari meza kabla meli haijatoka kwenye hori. Darubini yako mwenyewe, ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya milimita 42) au inayokaribia hapo, ni muhimu kuliko kamera.

Kabla hujalipa, waandikie kampuni uwaulize: abiria ni wangapi, waongozaji ni wangapi, watu wote wanaweza kushuka kwa wakati mmoja au kwa zamu, na wanafanya nini dubu akionekana. Wakikujibu kwamba watakusogeza karibu upate picha nzuri, tafuta wengine.

Mzee wa Karatu

Hilo swali la mwisho nitawafundisha vijana wangu hapa Karatu waulizwe na wao. Mgeni akiuliza "mtafanya nini tukimwona duma," wawe na jibu.

MtoPangani

Mzee, ukilipata jibu lao liweke hapa tulijadili. Mimi kesho nitapandisha picha za Monacobreen na ramani ya njia tuliyopita, na BintiMvita nitakuandikia majina ya ndege wote tuliowaona.